Mshale wa hiti na geji ya mafuta vinapanda pamoja nikiwasha taa, shida ni nini?

Safari_Usiku

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii kitu inaninyima raha kabisa. Gari yangu ni ya zamani kidogo, dashibodi yake ni ya mishale, sio hizi za kioo. Mchana inatembea vizuri, mshale wa hiti unakaa chini kidogo ya katikati kama ulivyokuwa tangu niinunue. Shida inaanza giza likiingia. Nikiwasha taa kubwa tu mshale unaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye H, na kinachonichanganya zaidi geji ya mafuta nayo inapanda, yaani tenki lililokuwa nusu linasoma karibu robo tatu. Nikizima taa vyote viwili vinarudi chini.

Nimesimama pembeni mara kadhaa nikafungua boneti, hakuna mvuke, hakuna harufu, maji kwenye chupa yako kwenye mstari wake na feni inazunguka. Fundi kabadilisha sensa ya hiti, haikusaidia kitu. Sasa anasema tutoe themostati (ule mlango wa maji kati ya injini na rejeta) kabisa tuiache wazi. Kabla hajaigusa nataka kuelewa, injini inapata hiti kweli au geji ndio inadanganya? Na je naweza kuendelea kutembea nayo usiku au niipaki kwanza?

Jasho_la_Gereji

Toa themostati mkuu usijiulize mara mbili. Zile zimewekwa kwa ajili ya sehemu za baridi, huku joto lenyewe linatosha. Mimi magari yote ninayotengeneza yakija na shida ya kuchemsha natoa na hayarudi.

Waya_Mwekundu

Safari_Usiku, kaka usitoe kitu chochote kwanza. Mimi ni fundi umeme wa magari na maelezo yako yana jibu ndani yake, ni vile tu hakuna aliyekusikiliza vizuri.

Angalia hivi. Kuwasha taa hakuwezi kuongeza maji ya moto kwenye injini na wala hakuwezi kuongeza mafuta kwenye tenki. Sasa kama geji mbili ambazo hazina undugu kabisa huko ziliko sensa zake, moja iko kwenye injini na nyingine ndani ya tenki kule nyuma, zinapotea njia kwa wakati mmoja na kwa sababu moja, basi usitafute kwenye sensa. Tafuta kitu wanachochangia. Na wanachochangia hawa wawili ni umeme unaoingia kwenye klasta (ule ubao wa mishale) na ethi inayotoka kwenye klasta, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Basi.

Mshale wa hiti haupimi joto moja kwa moja. Kule kwenye injini kuna sensa ambayo maji yakipata joto ukinzani wake unashuka, umeme unapita mwingi, mshale unapanda. Kwenye tenki kuna floti (boya) imeshikwa na mkono wa waya, ikipanda na kushuka inasogeza kisigino juu ya kipande cha ukinzani, nayo hivyo hivyo, umeme ukiongezeka au kupungua mshale unafuata. Kwa hiyo mshale unakuambia kiasi cha umeme kilichofika kwake, na kila kitu kinachovuruga umeme kitakuvurugia habari.

Kwenye dashibodi nyingi za zamani kuna kidude kidogo nyuma ya klasta kinachopunguza volti za betri ili geji zipate umeme usiobadilika, magari mengi ya zamani ya Uingereza yalikuwa na cha volti 10 na ya Marekani mengi cha volti 5. Kile kidude kinategemea ethi. Ethi ikiwa mbovu kinaacha kupunguza, geji zinapewa umeme mwingi kuliko zinavyotakiwa na zote zinasoma juu. Hata kama klasta yako haina hicho kidude, ukiwasha taa, balbu zote za dashibodi zinataka kurudisha umeme kwenye ethi ile ile, njia ikiwa ina kutu umeme unalundikana pale na kutafuta pa kutokea kupitia kwenye geji. Ndio maana mchana unaona kila kitu kiko sawa.

Cha kufanya, tafuta maltimita (kipimo cha umeme), hata ile ya kawaida kabisa. Iweke kwenye volti za DC. Waya mweusi weka kwenye hasi ya betri yenyewe, kwenye nguzo ya betri sio kwenye bodi. Waya mwekundu gusa ethi ya klasta pale inapofungwa kwenye bodi, gusa ile terminali yenyewe sio kichwa cha boliti. Washa gari, washa taa zote. Ethi nzima inasoma chini ya 0.1. Ukiona nusu volti au zaidi umeshampata mwizi wako.

Ila kabla ya yote hayo thibitisha joto la kweli kwa njia nyingine. Mpaka uthibitishe, mshale ukiingia kwenye nyekundu uheshimu kama vile ni kweli, paki. Geji iliyodanganya mara kumi na moja ikasema kweli mara moja inatosha kupindisha hedi ya injini.

Mama_Usukani

Naomba niongeze kwenye hilo la mwisho la Waya_Mwekundu kwa sababu lilinikuta upande wa pili kabisa. Nilikuwa kwenye mwendo, mshale wa hiti ukapanda kidogo halafu ukashuka wenyewe mpaka kwenye C. Mtu yeyote angefurahi, ameona gari imepoa. Baada ya muda mfupi hita ikaanza kutoa hewa ya baridi wakati nilikuwa nimeiweka kwenye moto, nikaona hii sio kawaida, nikasimama. Hozi ya chini ya rejeta ilikuwa imepasuka na maji yote yameisha. Sensa inasoma joto la maji yanayoigusa, maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, inasoma chini wakati chuma chenyewe kinaungua.

Kwa hiyo ndugu zangu mshale ukishuka ghafla bila sababu msishangilie. Kupanda na kushuka vyote viwili ni habari.

Safari_Usiku

Dah dada asante, hilo la kushuka sikuwahi kulifikiria kabisa. Waya_Mwekundu, hiyo njia nyingine ya kuthibitisha joto ni ipi? Gari ina ile soketi chini ya usukani lakini sina skana.

Waya_Mwekundu

Kama ina soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, umepona. Kuna vile vikidude vidogo vya bluetuthi vinachomekwa pale halafu unasoma kwenye simu, azima kwa mtu. Kompyuta ya injini ina sensa yake ya joto la maji, na kwenye magari mengi ya umri wa lako sensa ya geji na sensa ya kompyuta ni mbili tofauti, ya geji ina waya mmoja, ya kompyuta ina nyaya mbili. Hapo ndipo raha ilipo, una mashahidi wawili ambao hawajakaa pamoja. Injini nyingi ikishapata moto inakaa kati ya nyuzi 85 na 100 za selsiasi. Washa taa, mshale ukipanda angalia simu. Namba kwenye simu ikibaki pale pale, injini yako ni nzima, mshale ndio unadanganya. Namba ikipanda pamoja na mshale, zima gari, mjadala wa ethi tuuache.

Ukikosa skana tumia ile bunduki ya kupimia joto kwa mwanga, ila usiielekeze kwenye alumini inayong'aa, itakupa namba ya uongo ya chini. Elekeza kwenye hozi nyeusi ya juu ya rejeta au kwenye kitu kilichopakwa rangi.

Na tafadhali sana, usifungue kifuniko cha rejeta ili "kuangalia" kama ni ya moto. Soma juu ya kifuniko chenyewe, vingi vimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha, na hiyo presha ndiyo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yanavumilia mpaka karibu 118 au 120 hivi. Ukifungua presha inaondoka, maji yaliyokuwa yametulia kwenye 110 yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuibinya hozi ya juu kwa mkono bila kuungua na uione ni laini.

Sasa Jasho_la_Gereji, fundi mwenzangu, nakuheshimu ila hili la themostati lazima tulizungumze kwa sababu linaua injini za watu. Themostati haiko pale kwa ajili ya baridi ya nje tu. Inafunguka kwenye nyuzi 82 mpaka 90 na kitu kutegemea injini, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia pale. Ukiitoa, injini inatembea baridi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, inaanza kutengeneza matope, silinda zinakulika. Na kuna injini ambazo themostati ina sahani ya pili chini, ikifunguka upande wa rejeta ile sahani inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji yanazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari inachemsha ZAIDI kuliko mwanzo. Gari ikichemsha kwa sababu ya themostati iliyokwama, weka mpya. Kama haijakwama, iache.

Jasho_la_Gereji

Hiyo ya sahani ya pili nakubali zipo, nimeziona. Lakini mkuu mteja anakuja gari inachemsha hana themostati mpya na anataka kuondoka. Unamfanyaje?

Waya_Mwekundu

Kama huna namna mtolee afike, ila mwambie wazi kwamba ni ya muda na arudi. Tatizo letu sisi mafundi hiyo ya muda inakuwa ya kudumu, miaka inapita mwenye gari hajui kwamba hana themostati, analalamika gari inakula mafuta.

Kona_Kali

Nimefuata hii mada tangu mwanzo naomba nidandie. Gari yangu mimi nikiwa kwenye barabara kuu spidi 100 mshale wa hiti unashuka mpaka karibu na C, nikiingia kwenye foleni unapanda unakaa katikati vizuri. Hauvuki katikati. Huyu naye ni ethi?

Mama_Usukani

Kona_Kali hapana, hiyo ni themostati imekwama wazi, au aliyekuuzia gari aliitoa, ndio hayo yanayozungumzwa hapo juu. Upepo wa mwendo unapoza rejeta na hakuna kitu cha kuzuia maji yasipite. Kwenye foleni hakuna upepo kwa hiyo injini inapata joto lake. Kinyume chake pia kipo, ikivuka katikati kwenye foleni na kurudi ukitembea angalia feni, na ikipanda ukiwa kwenye spidi au mlima mrefu angalia rejeta iliyoziba, wota pampu au maji yaliyopungua.

Safari_Usiku

Wakuu narudi na majibu. Nimeazima kile kidude cha OBD. Gari imepata moto, mshale uko sehemu yake, simu inasoma 89. Nikawasha taa kubwa, mshale ukaanza safari yake kuelekea H kama kawaida, simu ikabaki 89, 90, feni ikawaka kwenye 95 ikashuka tena. Mshale umebakiza kidogo kufika kwenye nyekundu na simu bado iko kwenye 91. Hapo roho ikatulia kwanza.

Nikaenda kwenye maltimita. Taa zimezimwa ilisoma 0.2 hivi, nikawasha taa ikaruka mpaka 1.4, nikawasha na AC na waipa ikazidi tena. Nikaifuata ile ethi, iko chini ya dashibodi upande wa miguu ya abiria nyuma ya plastiki, nyaya nyeusi kama nne zimebanwa na boliti moja. Kwa macho inaonekana imekaza. Nilipoifungua ndani kumejaa unga wa kijani na bati lenyewe lina kutu ya rangi ya chungwa, inaonekana maji yaliwahi kuingia kupitia kioo cha mbele. Nikatoa hasi ya betri, nikapiga msasa bati mpaka liking'aa, nikasafisha terminali zote pande mbili, nikakaza upya na kupaka grisi juu yake.

Sasa hivi taa zote zimewashwa inasoma 0.03. Mshale wa hiti hausogei hata kidogo na geji ya mafuta imerudi kwenye nusu yake. Hata taa za dashibodi zimekuwa na mwanga mkali kuliko zamani, nilidhani balbu zimechoka.

Waya_Mwekundu

Safi sana kaka, kazi nzuri. Sasa tafuta hayo maji yaliingilia wapi, ziba, la sivyo kutu inarudi. Na ukiwa na maltimita mkononi pima betri pia, gari ikiwa imezimwa na imepumzika betri nzima inasoma karibu 12.6, ikiwaka inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikivuka 15 alteneta (ile inayochaji betri) inachaji kupita kiasi na hiyo nayo inavuruga geji na kuunguza balbu. Magari mapya alteneta yao inaongozwa na kompyuta kwa hiyo volti zinapanda na kushuka, usiogope ukiona 12.8 kwa muda.

Robo_Tenki

Na mimi mkuu nisaidie. Geji ya mafuta imeganda kwenye nusu, nikijaza inabaki nusu, ikikaribia kuisha inabaki nusu. Hiti iko sawa, kila kitu kingine kiko sawa. Nimeshauriwa ninunue klasta nzima ya mtumba.

Waya_Mwekundu

Usinunue. Geji moja tu ikisumbua na nyingine ziko sawa, rudi kwenye njia yake yenyewe. Chomoa plagi ya waya kule kwenye tenki, mara nyingi iko chini ya kiti cha nyuma, washa swichi bila kuwasha injini, subiri kidogo maana geji hizi ni za taratibu. Mshale uende mwisho mmoja. Halafu unganisha waya wa geji na ethi kwa kipande cha waya kwa sekunde chache tu, mshale uende mwisho wa pili. Upande upi ni wa kujaa na upi wa kuisha inategemea mtengenezaji, magari mengi ya Kijapani omu chache (yaani ukinzani mdogo) ndio tenki limejaa, mengine ni kinyume chake, kwa hiyo usishangae. Muhimu ni kwamba mshale unatembea ncha zote mbili. Ukitembea, geji na waya ni wazima, shida iko ndani ya tenki, floti imekwama au ule mkono umepinda. Usipotembea kabisa, fuatilia waya kuanzia pale mpaka kwenye klasta.

Hiyo ya kuunganisha na ethi ni kwa geji za waya moja kwa moja. Kama gari ni mpya na kipimo cha mafuta kinapita kwenye kompyuta usichezee hivyo, tumia skana. Na ukifungua tenki toa hasi ya betri, fungua milango, hakuna sigara wala taa ya balbu karibu. Mvuke wa petroli hausamehi. Kwa sasa usisubiri geji, piga sifuri kile kipimo cha kilomita kila ukijaza na ukumbuke gari yako inakwenda kilomita ngapi kwa tenki. Usiikaushe, pampu nyingi zinakaa ndani ya tenki na zinapozwa na mafuta yenyewe.

Kona_Kali

Nimewekewa themostati mpya leo, kweli ya zamani haikuwepo kabisa, nyumba yake ilikuwa tupu. Mshale sasa unakaa katikati hata kwenye spidi. Swali la mwisho, nikiwa nimesimama sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) taa nyekundu ya oili inapepesa, nikikanyaga kidogo inazima. Nayo ni ethi?

Waya_Mwekundu

Kona_Kali hiyo usiendeshe kwanza. Ile taa haiwaki kwa sababu oili imepungua kidogo, swichi yake kwenye magari mengi inawasha taa presha ikishuka chini ya kama psi 5 mpaka 7, yaani imebaki karibu na hakuna. Zima injini, paki sehemu tambarare, subiri dakika kadhaa, vuta kijiti. Kama oili iko chini ongeza ile inayotakiwa kwenye injini yako. Kama iko sawa, mwambie fundi atoe ile swichi afunge geji ya presha ya mkono asome presha halisi injini ikiwa ya moto. Presha ikisoma vizuri unabadilisha swichi tu. Ikisoma chini, hapo ni pampu ya oili, chujio au beringi, na kila dakika unayoendesha unazidi kuzikula. Hasa wewe ambaye injini imetembea muda mrefu bila themostati, angalia na hiyo oili yenyewe ikoje, kama ni matope tupu imwage ubadilishe na filta kabla ya kitu kingine. Ukishapata namba ya presha iandike hapa pamoja na aina ya injini, tuitazame.